Onyo la kirusi kwa barua pepe: namna ya kulitambua la uzushi

Barua yenyewe huwa hivi, au karibu na hivi:

"MUHIMU SANA!!! SOMA HARAKA. Kuna kirusi kipya kimegunduliwa jana na Microsoft, na CNN wamekitangaza. Kinakuja kwa barua pepe yenye kichwa MWALIKO. Usiifungue hata ikiwa imetoka kwa mtu unayemjua. Ukiifungua tu, kinaunguza hard disk yote na hakuna dawa yake. Norton na McAfee hazikioni. Haya si mzaha, nimeyapata kwa jamaa anayefanya kazi kampuni ya simu. Watumie wote walio kwenye orodha yako. Heri waipate barua hii mara ishirini kuliko kukipata kirusi mara moja."

Inaingia saa 2 asubuhi kwenye ofisi moja ya Chake Chake, kichwa chake kimeshaota Fw: Fw: Fw:, na kabla watu hawajenda kunywa chai ya saa 4 imeshafika Wete, Mkoani na ofisi za Vuga kule Unguja. Hakuna kompyuta iliyoungua. Kilichoenea ni barua.

Tazama inachokuagiza

Anayeipata barua hii swali la kwanza linalomjia ni kama kirusi hicho kipo au hakipo. Kwa asiye fundi hilo ni swali zito, na aliyeitunga barua anajua kuwa huna jibu lake. Lipo swali jepesi zaidi, ambalo hata asiyejua kitu kuhusu kompyuta anaweza kulijibu: inanitaka nifanye nini? Vitisho hubadilika kila mwaka. Maagizo hayazidi matatu: sambaza, futa, au bonyeza.

"Sambaza" ndiyo alama kubwa kuliko zote. Kampuni ya programu za kuzuia virusi ikigundua kirusi kipya haihitaji kidole chako. Inapeleka kinga moja kwa moja kwenye mashine kwa njia ya sasisho. Kirusi cha kweli nacho hakikuombi msaada, kina programu yake ya kujinakili. Kirusi cha uzushi hakina programu yoyote. Kina maneno tu, na ili maneno yatembee lazima apatikane mtu anayewaonea wenzake huruma, mwenye orodha ndefu ya anwani, asiyependa kuja kulaumiwa kwamba alijua akanyamaza. Iondoe ile sentensi ya "watumie wote", na barua inafia pale pale ilipo.

Watu wa mwambao huu si wageni wa mtego wa namna hiyo. Ule waraka unaodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume kule Madina aliyeota ndoto, umepita mikononi mwa watu wengi: zamani kwa kunakiliwa kwa kalamu, kisha kwa fotokopi, sasa kwa simu. Anayeusambaza atapata kheri, anayeupuuza atafikwa na msiba. Mwaka 1908 barua ya aina hiyo, ambayo wanahistoria wanaiita Barua ya Makka, ilizagaa Lindi hadi serikali ya Wajerumani ikaingia wasiwasi. Mpangilio ni ule ule: chanzo kikubwa usichoweza kukiuliza, kitisho, haraka, na amri ya kunakili. Mtunzi wa onyo la kirusi amebadilisha kitisho tu.

Hesabu yake ni rahisi kuifanya. Watu 10 wakiipata kutoka kwako, na kila mmoja akaipeleka kwa 10 wengine, mzunguko wa sita unafikia watu 1,000,000. Na ofisini, wafanyakazi 40 wakitumia dakika 3 kila mmoja kuisoma na kuulizana, saa 2 za kazi zimekwenda bure.

"Futa" tutaishughulikia peke yake hapo chini, maana hiyo ndiyo inayoharibu kweli. Ama "bonyeza", yaani bonyeza hapa usafishe mashine, piga namba hii, weka neno lako la siri, lipa kwanza, huo si uzushi tena. Ni wizi. Uzushi unataka muda wako, mwizi anataka akaunti yako. Barua ya namna hiyo usiijibu wala usiibonyeze kwa kujaribu. Mwite mtu wa TEHAMA aje aione kwenye kioo chako. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo ambao wakishalijua neno "uzushi" huanza kudharau kila onyo, na hapo ndipo wanapoibiwa.

Sentensi kwa sentensi

Rudi kwenye ile barua ya juu, uipitie polepole.

"Kimegunduliwa jana." Jana ya lini? Barua ya uzushi haiandiki tarehe kwa sababu tarehe ingeizeesha. Uzushi wa Good Times, ulioanza kuzunguka Marekani mwishoni mwa 1994, ulisema onyo lilitolewa "Jumatano iliyopita". Jumatano hiyo ikawa ndiyo iliyopita kwa miaka kadhaa.

"Microsoft, CNN." Jina kubwa limewekwa ili usiulize. Good Times ilitumia jina la FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ambayo kazi yake ni redio, televisheni na simu, si kutoa maonyo ya virusi. Barua ya hapa kwetu inaweza kutaja TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), eGAZ (Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar) au benki. Taasisi inayotoa onyo inaliweka kwenye ukurasa wake yenyewe, likiwa na tarehe. Jina peke yake, bila ya anwani ya ukurasa, halina uzito wowote.

"Kinaunguza hard disk." Hapa pana la kufafanua, kwani mafundi wengine hujibu kwa mkato kwamba kirusi hakiwezi kabisa kudhuru mashine. Kirusi CIH cha mwaka 1998, kilipoamka tarehe 26 Aprili 1999, kilifuta data za diski na kwenye baadhi ya mashine kikafuta hata BIOS, yaani programu ndogo inayoiwasha mashine, kompyuta zikawa haziwaki. Kwa hiyo madhara kama hayo yameshawahi kutokea. Lakini tazama faida iko wapi: watunzi wa virusi wa siku hizi wanaitaka mashine yako ikiwa hai, ili waibe maneno ya siri au wafunge mafaili yako kwa ufunguo wakudai pesa. Aliyeiunguza mashine hapati kitu. Good Times ilidai kuwa ingeizungusha prosesa kwenye "kitanzi cha jozi kisicho na mwisho" mpaka iharibike. Maneno yanavuma kama ya kitaalamu, ila fundi akiyasoma hayamwambii chochote.

"Norton na McAfee hazikioni." Hizo ni programu za kuzuia virusi, na hii ndiyo sentensi yenye werevu kuliko zote. Umeshatiwa khofu, unaendesha uchunguzi, programu inakwambia mashine safi. Badala ya kutulia unazidi kuogopa, kwa kuwa barua ilikwishakwambia kuwa haitaonekana. Ushahidi wa kwamba huna kirusi umegeuzwa ukawa dalili ya kuwa unacho.

"Jamaa anayefanya kazi kampuni ya simu." Hana jina, na ukimuuliza aliyekutumia atakwambia naye ameletewa.

Heri mara ishirini kuliko mara moja: sentensi ya mtindo huo imo kwenye uzushi wa mwenge wa Olimpiki wa mwaka 2006, uliodai kuwa barua yenye mwaliko ingefungua mwenge na kuichoma diski C nzima. Kazi yake ni kukuondolea haya ya kuwasumbua watu. Herufi kubwa na alama za mshangao hazihitaji maelezo. Lugha nayo ni shahidi: maonyo mengi ya Kiswahili ni tafsiri ya mashine, na ukikuta "tafadhali mbele ujumbe huu" unajua hakuna Mswahili aliyekaa akaandika hivyo.

Likikwambia ufute faili

Mwaka 2001 lilizunguka onyo lililowaambia watu watafute faili liitwalo sulfnbk.exe. Ukilikuta, likasema, umeshaambukizwa. Lifute upesi na uwaambie wote uliowahi kuwaandikia. Watu wakatafuta, wakalikuta, wakashtuka, wakafuta. Lilikuwa faili halali la Windows 98 na Windows Me, kazi yake kurudisha majina marefu ya mafaili. Mwaka uliofuata likaja jdbgmgr.exe, lenye picha ya kidubu, nalo ni faili la Microsoft linalohusiana na Java. Kidubu kile kilisaidia sana uzushi, kwani nani angeamini kuwa Microsoft wameweka mdoli ndani ya Windows?

Mtego umo kwenye neno "ukilikuta". Kila mwenye Windows ya aina ile alikuwa nalo. Kulikuta si ushahidi wa kitu, ni sawa na kuambiwa kuwa mwenye kisima uani kwake amelogwa. Leo mafaili hayo mawili hayamo kwenye mashine mpya, ila mchezo unaweza kuchezwa na svchost.exe, ambalo kwenye Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazoendeshwa) linaonekana mara kadhaa kwa wakati mmoja, au lsass.exe na csrss.exe. Yote matatu ni ya Windows, na mashine haiendi bila ya hayo.

Ukitajiwa faili, fanya hivi kabla ya kuligusa:

1. Tafuta lilipo. Kwenye Task Manager bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Open file location". svchost.exe halali hukaa C:\Windows\System32, na jingine ndani ya C:\Windows\SysWOW64. Jina hilo hilo likiwa kwenye Downloads, Temp, AppData au kwenye flash, hapo pana sababu ya kushuku.

2. Angalia saini yake. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika Get-AuthenticodeSignature kisha njia kamili ya faili. Ukijibiwa Valid na jina la Microsoft, liache. Wengine hutazama kwenye Properties, wakikosa sehemu ya Digital Signatures wanaona faili ni bandia. Hilo ni kosa: mafaili mengi ya Windows saini yake imewekwa kwenye katalogi ya mfumo, haionekani pale.

3. Chukua alama yake ya SHA256, yaani mfuatano unaolitambulisha faili hilo peke yake. Kwenye Command Prompt, dirisha jingine la amri, andika certutil -hashfile, njia ya faili, halafu SHA256. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Unakili, uupeleke kwenye kisanduku cha kutafutia cha VirusTotal, tovuti ya kupima mafaili. Bando halitumiki sana kwa kuwa hupakii faili zima, na siri za ofisi hazitoki nje; faili linalopakiwa pale linaweza kupakuliwa na wateja wa kulipia wa huduma hiyo, kwa hiyo orodha ya mishahara usiipandishe. VirusTotal hulipima faili kwa programu zaidi ya 70 za kuzuia virusi. Moja au mbili zikilalamika huenda ni kosa lao. Zikilalamika 20, amini.

Kama barua inakufundisha amri za takeown au icacls ili faili likubali kufutika, simama hapo hapo. Windows imelilinda faili hilo kwa makusudi, na barua inakuomba uvunje mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Na ukiwa umeshalifuta? Fungua Recycle Bin kwanza, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua Restore. Ikiwa pipa limeshamwagwa, tafuta Command Prompt, ifungue kwa "Run as administrator", andika sfc /scannow, amri inayokagua mafaili ya Windows na kuyarudisha, na usiifunge mpaka ifike asilimia 100. Ikisema imekuta mafaili mabovu ikashindwa kuyatengeneza yote, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha rudia sfc. Hiyo DISM huchukua mafaili kutoka Windows Update, basi itumie kwenye intaneti ya ofisi, si kwenye bando la simu lililobakia kidogo. Umeme nao una mambo yake: kama ni laptop jaza chaji kwanza, kama ni kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Kukatika katikati ya matengenezo kunaweza kukuachia kazi kubwa kuliko ile uliyoanza nayo.

Kusoma barua na kufungua kiambatisho ni mambo mawili

Madai ya Good Times kwamba ukisoma barua tu mashine inaharibika hayakuwezekana mwaka 1994, kwa kuwa barua zenyewe zilikuwa maandishi matupu. Baadaye mambo yalibadilika kidogo. Mwaka 1999 kirusi BubbleBoy kilionyesha kuwa mwenye Outlook pamoja na Internet Explorer 5 angeweza kuambukizwa kwa kuifungua barua peke yake, bila ya kiambatisho, kwa sababu ya tundu lililokuwamo kwenye programu hizo. Tundu lile lilizibwa. Kwa mtu anayesoma barua kwenye Gmail kwa brauza iliyosasishwa, hatari iko kwenye vitu viwili: kiambatisho anachokifungua na kiungo anachokibonyeza.

ILOVEYOU, barua yenye kirusi ya tarehe 4 Mei 2000, ndiyo somo lenyewe. Ilikuja na kiambatisho kiitwacho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo watu waliona .TXT, wakadhani ni maandishi, wakafungua. Mchezo huo bado unachezwa. "Ratiba_ya_boti.pdf" inayoonekana mbele yako huenda kwa ukamilifu wake ni Ratiba_ya_boti.pdf.exe. Ondoa pazia: kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, nenda View, kisha Show, tia alama kwenye "File name extensions". Ni sekunde 10, na ni kinga kubwa kuliko maonyo yote uliyowahi kutumiwa.

Zinazostahili kuogopwa ni .exe, .scr, .js, .vbs, .lnk, .iso, na .html iliyokuja kama kiambatisho. Zip yenye neno la siri lililoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo nayo ni ya kushuku: neno la siri limewekwa ili kichujio cha barua kisiweze kuchungulia ndani. Mafaili ya Office yenye makro (programu ndogo zilizomo ndani ya waraka), .docm na .xlsm, yakitoka kwenye intaneti Microsoft huzizuia makro zake tangu 2022. Barua inayokueleza namna ya kuuondoa ule mstari wa onyo ili "uone waraka vizuri" imeshajieleza yenyewe.

Onyo la kweli likoje

Chukua kirusi WannaCry, kilichozuka tarehe 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya hospitali na makampuni katika nchi nyingi. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake, yaani sasisho la kuziba tundu, tarehe 14 Machi mwaka huo huo, kwa namba MS17-010. Onyo la kweli linasomeka hivyo: linataja tundu kwa namba, mara nyingi ikianza na CVE, linataja matoleo ya Windows yanayohusika, linasema kiraka kipi kiwekwe, na lina tarehe. Halina machozi ndani yake. Linachosha kulisoma, kusema kweli, na ndiyo maana halisambai kama la uzushi. Hakuna anayelirusha kwenye grupu la ukoo.

Hapa nchini mahali pa kutazama ni TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao, kwenye tzcert.go.tz. Anwani uiandike mwenyewe kwenye brauza. Usipitie kiungo kilichomo kwenye barua.

Namna ya kuhakiki kwa dakika tano

Anza kwa kutafuta. Chukua jina la kirusi au la faili, au maneno sita hivi ya ajabu yaliyomo kwenye barua, uyatie ndani ya alama za kunukuu kwenye Google, na mwisho wake uongeze neno hoax, yaani uzushi kwa Kiingereza. Barua ikiwa ya Kiswahili usiishie kutafuta kwa Kiswahili. Asili yake huwa Kiingereza, na majibu yako huko. Snopes, tovuti ya kuhakiki uvumi, na kurasa za kampuni za antivirusi zina maelezo ya uzushi wa miaka mingi, na mara nyingi utaona barua yako ina umri mkubwa kuliko kompyuta unayoitumia.

Halafu wapo wanaopenda kukagua maelezo ya siri ya barua (header, si kile kichwa cha habari): kwenye Gmail fungua barua, bonyeza vidoti vitatu, chagua "Show original", utaona SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuthibitisha mtumaji, zimeandikwa PASS au FAIL. Ni kipimo kizuri, lakini kijue mpaka wake. Kinakwambia barua imetoka kweli kwenye anwani inayodai, basi. Onyo la uzushi ulilotumiwa na mwalimu mwenzako wa skuli litafaulu yote matatu, kwa kuwa kweli ni yeye aliyetuma. Kipimo hicho kinafaa pale barua inapojidai imetoka Microsoft au benki yenyewe. Hapo FAIL inatosha kuitupa.

Mwisho sasisha kinga yako mwenyewe: Windows Security, kisha "Virus & threat protection", bonyeza "Check for updates", halafu "Quick scan". Ukibaki na shaka mpigie simu mtu wa TEHAMA, mmoja tu. Usimtumie kila mtu ukiuliza "jamani hii ni kweli?", maana hiyo nayo ni kusambaza.

Kwenye WhatsApp ndugu zake ni wengi: video ya "Martinelli", au picha ambazo ukizifungua simu inadukuliwa "kwa sekunde 10". Mtindo ni huu huu. Huko umepewa alama moja ya ziada: mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepitia mikono mingi, mara tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe kama huo unaweza kuurusha kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati.

Wakati huo huo, flash

Inachekesha kidogo kuona ofisi nzima imesimama kwa kuogopa barua ya MWALIKO, na huku flash imetoka steshenari kuchapishwa ripoti inachomekwa bila ya mtu kutazama. Kwenye mazingira yetu virusi vya kweli hupita sana hapo. Dalili yake wengi wanaijua: folda zako zimegeuka shortcut, kila moja ina kimshale pembeni, na flash inasema imejaa ingawa huoni kitu.

Mafaili hayajapotea, yamefichwa. Usibonyeze shortcut hata moja, kwa kuwa ndiyo inayokiamsha kirusi. Kama flash yako ni E:, fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na usubiri. Folda za asili zitajitokeza. Futa zile shortcut pamoja na faili lolote la .vbs au .js usilolijua, kisha chunguza flash kwa Windows Security kabla ya kufungua chochote. Ukienda tena steshenari, peleka PDF kwa barua pepe, au tumia flash isiyo na kitu kingine.

Kumjibu aliyekutumia

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwani aliyetuma ni mkuu wa kitengo, au mzee wa heshima, na ametuma kwa nia njema. Kumjibu mbele ya watu wote ni kumvunjia heshima, na pia ni kuzidisha barua. Mwandikie peke yake:

"Assalaam alaykum mzee wangu. Nimeipata barua ya onyo, ahsante kwa kutufikiria. Nimeitazama, ni uzushi wa zamani, unazunguka tangu 2006 kwa jina la mwenge wa Olimpiki. Hakuna cha kufuta. Uliowatumia wanaweza kuipuuza tu."

Ikiwa ni wewe uliyetuma, sahihisha siku hiyo hiyo, kwa wale wale uliowatumia na si zaidi. Fungua barua yako kwenye Sent uone walikuwa nani. Anwani zao ziweke kwenye Bcc, ambako hawaoni anwani za wenzao, si kwenye To: barua iliyopita mikono kumi hubeba anwani za watu wasiojuana, na ikimfikia mtuma matangazo au mwizi atazichukua zote. Taja jina la uzushi, weka kiungo cha ukurasa unaoueleza. Usiandike "mjulishe na mwenzako", la sivyo umeanzisha mnyororo mwingine.

Jambo moja kuhusu sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inamgusa anayechapisha taarifa akijua kuwa ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma. Aliyedanganywa akasambaza kwa kutojua si huyo, ila akishaambiwa kisha akairusha tena, hawezi tena kusema hakujua.

Barua ikiwa iliagiza kufuta faili, masahihisho yako hayajakamilika bila ya hatua za kulirudisha: Recycle Bin, Restore, na kama pipa tupu, sfc /scannow. Andika kabisa kwamba wasiizime wala kuiwasha upya kompyuta kabla ya kulirudisha, kwa kuwa baadhi ya mafaili ya Windows hukosekana kwake huonekana pale tu mashine inapowaka tena.